Faru Ndani ya Boksi: Vigari vya Safari Rally na Magari Yaliyoigwa



Mezani hapa nimeweka vigari vitatu. Cha kwanza ni Volkswagen ya Corgi Toys, ya katikati ya miaka ya 1960. Cha pili ni Ford Cortina nyeupe yenye boneti nyeusi, ya Dinky Toys, ya miaka hiyo hiyo. Cha tatu ni Datsun 240Z nyekundu, nayo ina boneti nyeusi, na imetoka kwa Corgi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vyote vimetengenezwa Uingereza, na vyote vimebandikwa jina la mashindano ya magari ya kwetu, East African Safari.

Watu wengi wakishika kigari cha zamani huuliza swali moja: je, kinafanana na gari lenyewe? Swali hilo ni jema, lakini wengi huishia hapo. Hoja yangu ni kwamba hakuna kigari kilichowahi kufanana kabisa na gari lake, na kwamba habari nyingi zaidi zimo pale kinapotofautiana nalo. Kila tofauti ina sababu. Nyingine imeletwa na metali, nyingine na mashine, nyingine na ushindani wa biashara, na nyingine na fikra alizokuwa nazo mtengenezaji kuhusu nchi ambayo hakuifahamu. Anayezijua sababu hizo anaweza kukisoma kigari kama hati ya kihistoria, na historia yenyewe kwa sehemu ni yetu.

Vilikotoka

Vigari ninavyovizungumzia ni vya kusubu, yaani vimetengenezwa kwa kusukuma metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya feleji. Huko Marekani, kiwanda cha Tootsietoy cha Chicago kilikuwa kikiuza vigari vya namna hiyo kabla ya 1920. Uingereza jambo hili lilikua kupitia reli za kuchezea. Frank Hornby wa Liverpool, aliyepata hataza ya Meccano mwaka 1901, alikuwa pia akitengeneza treni za watoto. Mwaka 1933 kampuni yake ilitoa magari machache ya kupamba stesheni na barabara za treni hizo, na mwaka uliofuata yakapewa jina la Dinky Toys.

Asili hiyo imeacha alama mpaka leo. Wakusanyaji wengi wa Ulaya hupenda skeli ya 1:43, yaani sentimita 1 ya kigari ni sentimita 43 za gari lenyewe. Anayejiuliza kwa nini namba isiwe 1:40 au 1:50 atalipata jibu kwenye treni za Hornby, kwa sababu vigari vilipaswa kusimama kando ya mabehewa bila kuonekana vikubwa mno au vidogo mno.

Vigari vya mwaka ule wa kwanza havikuiga gari lolote lenye jina. Kulikuwa na gari la michezo, lori, trekta, kifaru cha vita. Kila kimoja kiliwakilisha aina nzima. Miaka miwili baadaye Dinky walikuwa wakitoa Chrysler Airflow na Rolls-Royce, na kuanzia hapo wajibu ukabadilika. Kigari kikishapewa jina la gari fulani, mtoto anayeliona gari hilo barabarani anaweza kulilinganisha na alichonacho mkononi na kumdai mtengenezaji ukweli.

Washindani wawili walikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Lesney ilianzishwa London mwaka 1947 na Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu. Jack Odell, fundi wa kusubu, alijiunga nao. Shule ya binti yake iliruhusu wanafunzi waje tu na vitu vinavyoenea ndani ya kiboksi cha kiberiti, basi Odell akamchongea shindilio dogo la kutengenezea barabara linaloenea humo. Hapo ndipo ulipozaliwa mfululizo wa Matchbox, ulioingia madukani mwaka 1953. Corgi nao walianza 1956 katika kiwanda cha Swansea, Wales. Kampuni mama, Mettoy, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1933 na Philip Ullmann, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Corgi walijitangaza kwa vioo vya plastiki madirishani, jambo ambalo Dinky hawakuwa nalo wakati huo. Kutokea hapo kila kampuni ililazimika kuongeza kitu ambacho mwenzake hana: springi, taa zinazometa, milango inayofunguka.

Masharti ya kalibu

Sasa tuingie kiwandani, maana tofauti nyingi huzaliwa humo. Mchoraji alianza na michoro ya kampuni ya magari, picha, na mara nyingine vipimo alivyovichukua mwenyewe kwenye gari. Kielelezo kikubwa kilichongwa kwanza, mara kadhaa ya ukubwa wa kigari. Kisha mashine yenye mikono miwili ilifuata umbo la kielelezo kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukichonga umbo hilo hilo kwa udogo ndani ya feleji. Metali iliyotumika ni zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi kidogo na shaba. Huyeyuka kwenye nyuzi kama 390 za Selisiasi, joto dogo kuliko la alumini tupu, kwa hiyo kalibu moja huweza kutoa vigari vingi sana kabla haijachakaa.

Lakini kalibu haisamehe. Kitu kilichosubiwa lazima kitoke, na hakitatoka ikiwa umbo lake limejikunja kwa ndani mahali ambapo feleji itaking'ang'ania. Kwa sababu hiyo mbavu za kigari hulazwa kidogo, pembe za ndani huviringwa, na mifereji ya maji juu ya madirisha hugeuka kuwa tuta dogo. Tazameni nguzo za paa za Cortina hii. Kwenye gari lenyewe ni nyembamba, na dereva huona barabara bila shida. Hapa ni nene, kwa sababu nguzo nyembamba ingekatika kalibu ikifunguka au mtoto akikaa juu yake.

Fanyeni hesabu ndogo. Bati la mwili wa gari la miaka hiyo lina unene usiofika milimita 1. Tukiligawanya kwa 43 tunapata kama milimita 0.02, na metali ya kumimina haiwezi kujaza nafasi hiyo. Kwa hiyo ukuta wa kigari una milimita 1 au zaidi, ambayo kwenye gari halisi ingekuwa zaidi ya sentimita 4 za chuma. Rangi nayo ina unene wake. Tabaka la sehemu ya kumi ya milimita, likikuzwa mara 43, linakuwa milimita 4 za rangi, za kutosha kufunika ukingo wa mlango na herufi za jina la gari. Mtu akilalamika kwamba kigari cha zamani kina sura ya kuvimba, analiona gari likiwa limevaa koti ambalo metali na rangi zisingeweza kulivua.

Kuna pia suala la jicho. Gari halisi tunaliona tukiwa tumesimama kando yake, na tunachokifahamu zaidi ni ubavu na uso. Kigari tunakishika chini ya macho, kwa hiyo cha kwanza kuonekana ni paa na boneti. Kipimo kilicho sahihi kabisa kwa rula huweza kuonekana kibaya mkononi. Wachongaji wazuri walilijua hilo, na walirekebisha hapa na pale ili kigari kipate ile tabia ya gari ambayo mtu anaikumbuka.

Boksi ndilo lililopanga ukubwa

Katika Matchbox, ukubwa ulipangwa na boksi. Chukueni basi la ghorofa la London, namba 5 katika mfululizo wao, na Volkswagen 1200 yao, namba 25. Basi halisi la aina ya RT lina urefu wa karibu mita 8, na Volkswagen ina kama mita 4. Mezani vyote viwili vina urefu wa sentimita 5 au 6 hivi. Volkswagen imepunguzwa mara 60 na kidogo. Basi limepunguzwa mara 130 au zaidi.

Mtu anaweza kusema huo ni uongo. Mimi nasema ni uamuzi, na ulikuwa na faida zake. Boksi la ukubwa mmoja lilipangika vizuri kwenye rafu, bei ikawa moja kwa vigari vyote, na mtoto mwenye senti chache aliweza kununua basi kwa bei ile ile ya gari dogo. Kilichopotea ni uhusiano wa magari barabarani. Mtoto aliyeyapanga sakafuni alipata mji ambao basi halizidi gari la mtu binafsi kwa ukubwa. Dinky, kwa kuwa walitokana na treni, waliulinda uhusiano huo zaidi, japo hata wao waliyapunguza malori makubwa kupita kiasi ili yasizidi mfuko wa mzazi.

Dhahabu badala ya fedha

Mfano wa rangi unaojulikana kuliko yote ni Aston Martin DB5 ya James Bond, iliyotolewa na Corgi mwishoni mwa 1965. Gari la filamu lilikuwa la rangi ya fedha. Kigari kilikuwa cha dhahabu. Corgi waliogopa kwamba rangi ya fedha juu ya zinki ingeonekana kama metali tupu ambayo kiwanda kimesahau kuipaka. Tena umbo lilitokana na kalibu za DB4 waliyokuwa wakiiuza tangu 1960, wakalirekebisha ili wawahi Krismasi.

Rangi imekosewa na umbo ni la kuazima, lakini watoto walikinunua kwa mamilioni. Sababu iko kwenye mambo ambayo Corgi hawakukubali kuyapunguza. Bunduki zilichomoza mbele, ngao ya kuzuia risasi ilinyanyuka nyuma, na paa lilifunguka na kiti kikamrusha abiria adui nje. Kwa mtoto aliyeona filamu, gari lile lilikuwa ni matendo yake. Mtengenezaji alilazimika kuchagua kati ya sura na matendo, akachagua matendo, na chaguo hilo linatufundisha kuuliza swali lenye manufaa: katika kila kigari, ni nini ambacho mtengenezaji alikataa kukiacha?

Kwa swali hilo turudi kwenye vigari vyetu vitatu.

Volkswagen na faru

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawekwa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na masika ndiyo yaliyoyapa sifa duniani. Barabara za udongo mwekundu na za udongo mweusi wa mfinyanzi ziligeuka tope, mito ilifurika, na gari lililotoka kwenye mvua liliingia kwenye vumbi kabla tope halijakauka. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka Nairobi, na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7.

Volkswagen ilijijengea jina humo mapema. Ilishinda miaka ya mwanzo, ikashinda tena 1957, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akaiongoza kwenye ushindi mwingine. Injini yake ya 1200 ilikuwa na nguvu za farasi 34 tu. Lakini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo matairi yalishika tope. Ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kutobolewa na jiwe au kuchemka mlimani. Chini gari lilikuwa na sakafu bapa iliyoteleza juu ya matuta ambapo magari mengine yalikwama.

Sasa angalieni Corgi walichokifanya. Kifuniko cha nyuma kinafunguka, na injini imo. Wamelinda siri kuu ya gari, na mtoto aliyekifungua alifahamu jambo ambalo watu wazima wengi walikuwa hawalijui. Juu ya paa wameweka tairi la akiba, na ukilizungusha magurudumu ya mbele yanapinda. Volkswagen halisi huweka tairi lake la akiba mbele, chini ya boneti; anayeingia porini hubeba la ziada juu. Wachongaji wa Swansea wakaligeuza tairi hilo kuwa usukani. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, kwa sababu umechukua kitu cha kweli cha safari ndefu ukakipa kazi mpya bila kuiharibu sura ya gari.

Na ndani ya boksi, pamoja na gari, kulikuwa na faru.

Hapo ndipo penye habari nyingi kuliko pote. Corgi walihitaji kitu kimoja cha kumwambia mtoto wa Uingereza: hii ni Afrika Mashariki. Tope halisubiki. Mvua haiingii boksini. Mnyama anaingia, tena anajulikana na kila mtoto aliyewahi kufungua kitabu cha picha. Walitumia kanuni hiyo hiyo miaka michache baadaye walipotoa Hillman Hunter, gari lililoshinda mbio za London hadi Sydney mwaka 1968. Ndani ya boksi lile kulikuwa na kangaruu. Nchi nzima ikafupishwa kuwa mnyama mmoja.

Waliokuwa wakishinda Safari miaka hiyo, je, ni nani? Mpaka Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda mwaka 1972, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyefaulu. Washindi wote walikuwa wakazi wa hapa. Timu za Ulaya zilileta magari mazuri na mafundi wengi, na bado zilishindwa na watu wanaojua kwamba mto fulani hujaa usiku mvua ikinyesha milimani mchana, na kwamba rangi fulani ya udongo hushika tairi hata ikionekana kavu. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Nairobi, alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Joginder alikuja kushinda tena 1974 na 1976. Ujuzi huo wa barabara, mvua na chuma ndio uliokuwa moyo wa Safari, na mtoto wa Swansea hakuambiwa habari zake. Alipewa faru.

Simlaumu mchongaji. Namsoma. Boksi lile linatuonyesha kwa usahihi jinsi Afrika Mashariki ilivyoonekana kutoka dukani Uingereza katika miaka ambayo nchi zetu zilikuwa zimetoka tu kupata uhuru. Na faru mwenyewe amegeuka kuwa ushahidi wa pili. Inakadiriwa kwamba mwaka 1970 Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mia chache, kwa sababu ya ujangili. Mnyama aliyechaguliwa kwa kuwa alionekana alama isiyoisha ya nchi karibu atoweke katika muda wa kizazi kimoja.

Cortina, Datsun na magurudumu

Cortina ya Dinky imefuata ushindi wa Ford wa mwaka 1964, Peter Hughes na Billy Young walipoongoza kwa Cortina GT. Boneti yake nyeusi ina maana. Magari mengi ya mashindano yalipakwa boneti rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisirudi machoni mwa dereva anapokimbia mchana kutwa. Kwenye kigari weusi huo hauna kazi yoyote, lakini umehifadhiwa, na kwa kuuhifadhi Dinky wamerekodi tatizo la kweli la barabara zetu ambalo faru wa Corgi hakuligusa.

Datsun 240Z inatuletea jambo jingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo, lenye injini ya silinda sita na ujazo wa karibu lita 2.4, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaingia wa pili kwa Datsun ya aina ile ile. Gari la Herrmann lilikuwa jekundu, boneti nyeusi, namba 11. Corgi wametoa rangi hizo na namba hiyo. Hapa uigaji umepiga hatua: Volkswagen iliwakilisha Safari kwa jumla, na Datsun hii inawakilisha gari moja la ushindi mmoja, lililohifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Mtu anaweza kuvilinganisha vitu viwili vinavyojulikana, namba kwa namba.

Lakini angalieni chini. Volkswagen ya miaka ya 1960 ina matairi ya mpira na magurudumu yanayopinda. Datsun, iliyotoka miaka saba au minane baadaye, ina magurudumu membamba ya plastiki kwenye ekseli nyembamba, na haipindi kabisa. Gari halisi la 1971 lilikuwa la kisasa kuliko Volkswagen kwa kila kipimo; kigari chake kimerudi nyuma. Kwa nini?

Jibu liko California. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ilitoa Hot Wheels, vigari vya magurudumu yenye msuguano mdogo sana vilivyoteremka kwa kasi kwenye njia ya plastiki. Watoto wakageuka. Uzuri wa kigari ukaanza kupimwa kwa umbali kinaokwenda baada ya kusukumwa mara moja. Lesney walijibu mwaka 1969 kwa kile walichokiita Superfast, na Corgi wakajibu kwa Whizzwheels, ambayo ndiyo mnayoiona chini ya Datsun hii. Springi, matairi ya mpira na usukani viliongeza msuguano au gharama, vikaondolewa. Kwa hiyo tofauti kati ya Datsun hii na gari la Herrmann haitokani na uzembe wa mchongaji wala uwezo wa kalibu. Imetokana na hofu ya soko, na tarehe yake inajulikana. Anayeviweka vigari hivi viwili vya Corgi bega kwa bega anaweza kusoma mabadiliko ya tasnia nzima kwa kuvipindua tu.

Hatua hizo hazikuviokoa viwanda. Kile cha Dinky huko Liverpool kilifungwa mwaka 1979, Lesney ikafilisika 1982, na Mettoy 1983.

Kipi kinaishi zaidi?

Wengi hudhani kigari hudumu kuliko gari. Mara nyingi ni kweli. Magari mengi yaliyokimbia Safari yalikuwa mali ya watu wa kawaida. Baada ya mashindano yalirudi kubeba watoto shule na mizigo sokoni, mpaka yakauzwa vipande. Lakini zinki nayo ina ugonjwa wake. Ikiwa risasi au bati kidogo imeingia kwenye mchanganyiko, hata kwa kuangukia tu kwenye sufuria ya kuyeyushia, metali huanza kuoza ndani taratibu. Kigari huvimba, hupasuka nyufa nyembamba, kisha humeguka. Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vimekufa hivyo ndani ya makabati ya watu waliovitunza kwa uangalifu. Baada ya vita viwanda vilisimamia usafi wa zinki kwa ukali zaidi, na ndiyo maana vigari hivi vya miaka ya 1960 bado ni vizima.

Funzo kwa anayelinganisha ni kwamba asikiamini kipimo kabla ya kuikagua hali. Kigari kilichovimba kitadanganya rula, na kilichopakwa rangi upya kitadanganya jicho.

Gari la waya

Siwezi kuondoka bila kutaja wachongaji wengine wa magari, watoto wa Afrika Mashariki wenyewe. Wakati Corgi wakiuza Volkswagen yao, katika mitaa na vijiji vyetu vingi watoto walikuwa wakikunja waya, wakikata makopo, na kutengeneza magurudumu kwa kandambili zilizochakaa. Magari hayo nayo yaliiga magari halisi, na tofauti zake zisomwe kwa umakini ule ule.

Gari la waya halina ukuta. Mtoto ameona kwamba gari ni fremu, mistari ya mabega na paa, na uso wenye taa, na kwa mistari hiyo tu wenzake hutambua mara moja kama ni basi, lori au gari la abiria. Kalibu inalazimisha unene. Waya unalazimisha mtoto achague mistari muhimu. Na jambo ambalo mtoto wa kwetu hakukubali kuliacha ni usukani. Waya mrefu hutoka kwenye ekseli ya mbele mpaka mkononi, una duara juu yake, na mtoto hukimbia nyuma akilipitisha gari kwenye mashimo. Ndicho kitu kile kile ambacho wachongaji wa Swansea walikiweka juu ya paa la Volkswagen, na ndicho walichokiondoa baada ya Hot Wheels. Watoto wetu hawakukiondoa, kwa sababu soko halikuwalazimisha na barabara zao zilidai kuendesha.

Kazi iliyobaki

Kwa wanafunzi wa ubunifu na wa historia, napendekeza utaratibu rahisi. Pima urefu, upana na kimo cha kigari, uvizidishe kwa skeli yake, uvilinganishe na vipimo vya gari halisi, uone ni kipimo gani kimepotoka. Kwa kila tofauti, jiulize kwanza kama kalibu ndiyo iliyoilazimisha. Ikiwa sivyo, uliza kama ni boksi, bei au mshindani. Kitakachobaki baada ya hapo ni fikra ya mtengenezaji, na hiyo ndiyo ya kuandikia kurasa nyingi zaidi.

Kwa ninyi wenye picha za Safari kwenye albamu za nyumbani, nawaomba mziandike nyuma: mwaka, mahali, gari la nani, nani alilifunga. Viwanda vya Liverpool na Swansea vilirekodi rangi, namba na maboneti meusi, na rekodi zao zinauzwa ghali katika minada ya Ulaya. Upande wetu wa habari hiyo, yaani chuma kilichoongezwa chini ya injini, springi zilizofungwa upya usiku, njia ya kuupita mto uliojaa, uko vichwani mwa mafundi na waongoza njia ambao sasa ni wazee. Kigari kinaweza kumkumbusha mzee mambo ambayo swali la moja kwa moja halitayatoa. Mwekeeni mkononi, mwulizeni ni wapi kimekosea, kisha andikeni kila anachosahihisha.